Jogoo wa Kukombolea Kitabu

Rasbura, Lindi
10 Februari 2025

Kwa bibi na mtani wangu Mwanahija,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu juzi nilikupigia simu ukadhani ni fundi bomba, na nilipokana ukanifokea nisisahau spana. Kwa masikio hayo, bora barua. Hii nimempa kondakta, ataiacha kwa Pazi muuza vitunguu, pale kibandani kwake Nangurukuru, naye atakufikishia Kivinje. Uko edani, hutoki, kwa hiyo kisingizio cha kutojibu huna.

Pole tena kwa msiba. Siku ya matanga sikupata nafasi ya kukwambia maneno ya maana, maana kazi ya mtani msibani ni kuchekesha, si kulia. Nilipojitanda kanga yako nikaigiza marehemu mumeo, mzee Abdulwahab, alivyokuwa akitembea na mkongojo wake, watu walivunjika mbavu. Hawakujua kwamba ndani ya kanga nilikuwa nalia. Tangu nikiwa mdogo, kila alipopanda Rondo kununua kuku, alikuwa akimwambia baba kwamba mimi na matetea yake atatuchukua kwa bei moja. Sijapata mtani mwingine wa namna ile.

Sasa tuje kwenye biashara. Mbele ya watu wote nilinyakua kitabu cha marehemu pale dirishani, kile cha ufugaji wa kuku, nikatangaza kwamba hakirudi mpaka nipate jogoo. Mashahidi wapo. Kwetu Rondo mtani akinyakua kitu matangani, wafiwa hukikomboa kabla watu hawajatawanyika. Wasipokikomboa, ni chake. Ninyi watu wa pwani mmezoea kulala mkingoja samaki aje na ndimu yake mwenyewe, ndiyo maana nakukumbusha.

Na nikwambie ukweli, kitabu hiki nakitamani. Karatasi yake ni nene, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Unajua kazi yangu ni hiyo, kuchukua kurasa za vitabu vikuukuu nikazipaka rangi, nikazikata na kuzikunja, nikaacha maneno machache yasomeke. Karatasi za siku hizi zikiguswa na rangi ya maji zinajikunyata. Hizi za mzee zingekunywa vizuri. Kwa hiyo leta jogoo upesi.

Mtani wako wa Rondo, mnayemwita mla panya,
Tekla

*

Kilwa Kivinje
21 Februari 2025

Ewe Tekla, mwizi wa msibani,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka vitunguu vya Pazi, na hiyo ndiyo harufu nzuri pekee iliyopata kutoka kwako.

Jogoo hupati. Hupati hata unyoya. Nilikuona ukinyakua, nikasema moyoni, mwacheni, mla panya leo kapata kitabu cha kuku, huenda akajifunza kula nyama ya heshima. Kikae huko huko kikuozee mikononi. Mume umeshindwa kumfuga, jaribu kuku.

Mimi nipo. Nasuka ukili wa mkeka, naswali, nasikiliza nyumba. Tangu kiharusi kilipomchukua mzee ulimi mwaka juzi, humu ndani tulizoea kuzungumza kwa njia nyingine, na sasa hata hiyo haipo. Jirani huja na uji, ananipigia kelele sikioni habari za mjini, namwitikia ndiyo hata pasipostahili ndiyo. Juzi nimeitikia ndiyo nikagundua nimechangia harusi ya mtu nisiyemjua.

Mwanangu Ziada aliniambia alipokuja kutoka Dar kwamba watu wanakusifu kwa kazi ya kuchana vitabu. Nikamwambia watoto wa Kivinje huchana vitabu kila siku na sifa wanayopata ni fimbo. Hebu nieleze wewe msomi, unajuaje kwamba kuchana kwako ni kazi na kwao ni utundu? Nieleze taratibu, nina muda wa kutosha.

Mtani wako asiyekuogopa,
Mwanahija

*

Rasbura, Lindi
8 Aprili 2025

Kwa bibi mchoyo wa Kivinje,

Shikamoo, na pole na mfungo. Idd imepita nami sikuletewa hata kaimati. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, na sababu ya kazi hiyo nitakwambia mwishoni.

Umeuliza kuchana kunakuwaje kazi. Nisikilize basi. La kwanza, jicho lazima lipate pa kutua. Ukurasa wa kitabu una maneno tele, yote ukubwa mmoja, yote yanasema kwa pamoja kama kina mama kisimani. Mimi nachagua moja au mawili, yaliyobaki nayafunika kwa rangi, na hapo hilo moja linasikika. La pili ni mizani. Upande huu ukiwa mzito, upande ule lazima uwe na cha kuujibu, la sivyo mtazamaji anahisi kitu kinaanguka asijue nini. Hilo unalijua bila kufundishwa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kina mahali pake. Jina ukilipandisha kwenye kona, nani atainunua?

Mapigo pia yapo, kitu kirudi na kurudi kama rangi za ukili wako. Lakini linalonisumbua mimi ni nafasi tupu. Anayeanza hujaza kila pembe, anaona aibu kuacha mahali wazi. Kumbe pale wazi ndipo maneno yanapopumulia. Miaka mingi nimejifunza kuongeza, na sasa najifunza kuondoa, na kuondoa ndiko kunakonipa jasho.

Sasa habari yenyewe. Nimealikwa kwenye maonyesho Dar mwezi wa sita, nimepewa ukuta mzima. Na kwa kuwa umeninyima jogoo, nimechinja kitabu. Ndiyo, bibi, nimekichinja! Nimekichuna jalada, nimekitoa uzi, nimekikata mapande. Kwanza ilinibidi nifute maduara ya penseli yaliyojaa humo, maana yalikuwa yakivuta jicho pasipotakiwa. Sijui mzee alimpa kitabu mwanafunzi gani mtundu. Ukurasa mmoja aliukandamiza nusura atoboe karatasi, nikasugua kwa raba mpaka mkono ukaniuma. Sasa kurasa zote ni safi, rangi inakauka, na mchuzi wake ni mtamu. Usije ukasema sikukwambia.

Mchinjaji wako,
Tekla

*

Kilwa Kivinje
4 Mei 2025

Ewe Tekla, mwongo usiye na haya,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani akaja mbio akidhani nimepandwa na kitu. Hicho ni kicheko changu cha kwanza tangu Januari, Mungu akulipe. Utani unaujua. Marehemu bibi yako, tulipomzika shemeji yangu, alikuja kutuapia kwamba viatu vya maiti amevichemsha akavila na ugali, na kumbe vimefungwa kwenye kanzu juu ya dari. Wewe umemshinda. Umeona maduara ya penseli ukayatia kwenye uongo wako ili unoge, na mkono ukakuuma na nini! Haya, mifupa nayo uitafune.

Sasa niache utani kidogo, mwanangu, nikueleze hayo maduara.

Nilipoolewa nilikuwa sijui kusoma. Mzee alikuwa akifanya kazi na mabwana mifugo, na kitabu hicho ndicho kitabu pekee tulichokuwa nacho ndani. Akanifundishia humo. Nilipozijua herufi akabuni mchezo. Anazungushia neno hapa na neno pale kwa penseli, nami nayaokota, yanakuwa maneno yake kwangu. Tulipogombana wakati nina mimba ya Ziada, nikahamia chumba cha pili, alinisukumizia kitabu chini ya mlango. Kwenye ukurasa wa banda alikuwa amezungushia "mlango", "uko", "wazi". Nikacheka, nikatoka. Mchezo huo ukaisha tulivyozeeka, ukarudi kiharusi kilipokuja. Ulimi umekufa, mkono mmoja umekufa, lakini mkono wa penseli ulibaki, ingawa dhaifu. "Joto." "Chumvi" "nyingi." Na siku nyingine mambo ambayo sikuandikii wewe.

Siku aliyofariki, alasiri, nyumba ilikuwa na wageni. Alizungushia kitu, akanigusa kwa kitabu. Nikamwambia baadaye, mzee, wali unashika chini. Nilipotoka jikoni alikuwa ameshakwenda, penseli bado iko vidoleni. Nilikifunga kitabu nikakiweka dirishani. Sikusoma. Ulipokuja kukinyakua nilishukuru, Tekla, maana nilikuwa nakiogopa, na nilijua kwa mtani hakuna kinachopotea.

Huku kwetu cha marehemu hakikombolewi mjane akiwa edani. Akishatoka, akaoga na kubadili nguo, ndipo jogoo huenda. Eda yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Jogoo nimeshamchagua, mwekundu, mgomvi kama wewe. Kitabu kikirudi nitakaa peke yangu nikisome ukurasa wa mwisho. Sasa nina moyo wa kukisoma.

Mtani wako,
Mwanahija

*

Rasbura, Lindi
15 Mei 2025

Bibi Mwanahija,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, mvua ilizuia magari.

Kitabu kipo. Jogoo usimtume kwanza, njia ni mbaya, atafia ndani ya gari. Nina safari ya Dar, nikirudi nitakuja mwenyewe tuzungumze.

Jitunze. Msalimie Ziada.

Tekla

*

Kilwa Kivinje
19 Juni 2025

Bi Tekla,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, pamoja na wazazi wako Rondo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Eda nimemaliza salama.

Ziada alikwenda kuangalia maonyesho yako. Alitaka kunifurahisha, akapiga picha nyingi kwa simu ili aje kunionyesha. Amekuja, nami nimezitazama kwa miwani. Kwenye picha ya pili nilimwona tetea mwenye vifaranga aliye mwanzoni mwa kitabu, amepakwa buluu mpaka shingoni. Ziada anasema watu wengi walisimama hapo wakasifu. Nami nimetazama vizuri na nimekubali, kazi ni nzuri.

Uliniambia mwezi wa nne kwamba umekichinja. Uliniambia kweli, na mimi ndiye niliyeamua kucheka. Kwa hilo sikudai neno. Ile barua ya mwezi wa tano, kwamba kitabu kipo, sijui niiweke wapi.

Jogoo nimemkabidhi kwa Pazi leo. Amefungwa miguu, naomba kondakta asimweke juani na anyweshwe maji njiani. Kwa hiyo kitabu nimekikomboa kwa mujibu wa desturi. Naomba unirudishie kurasa zote, kwa hali yoyote zilivyo. Tafadhali usiongeze wala usipunguze kitu.

Nakutakia mafanikio katika kazi zako.

Wako,
Mwanahija binti Abilahi

*

Rasbura, Lindi
27 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nitukane. Niite mwizi, niite mla panya, niite jina lolote unalolijua, lakini usiniite Bi Tekla. Nimeisoma barua yako nimesimama stendi, jogoo ananitazama kutoka kwenye tenga, na kondakta ananiuliza kama ni wangu.

Nilikwenda Dar nikabandua zote. Mwenye ukumbi alikasirika, akasema ukuta umebaki mtupu katikati ya maonyesho. Nikamwambia uwe mtupu. Kurasa ninazituma kwa bahasha hii ya kaki, nimezitenga kwa karatasi laini zisisuguane. Hazijatimia kitabu. Kando nyingi nilizikata, na vipande nilivyokata nilivitupa. Nimepekua jalalani nyuma ya nyumba kwa mikono yangu, nikakuta majivu.

Barua yako ya Mei iliponifikia, kurasa zilikuwa zimeshatangulia Dar. Nilikaa nayo mapajani. Nilichukua karatasi nikaandika "bibi, ni kweli nilikichinja", nikaichana. Nikaandika kitabu kipo. Nilijiambia nitatafuta namna, kwamba penseli huacha kovu kwenye karatasi hata ikifutwa. Nimejaribu. Nimelaza kurasa kwenye mwanga wa pembeni, nimepitisha vidole. Rangi imejaza kila mfereji. Kazi yangu ni kufunika, na nilifunika vizuri.

Najua utaniuliza kuhusu ukurasa wa mwisho. Sikumbuki, bibi. Nilifuta kama mtu anayefuta meza baada ya kula, asiyeangalia makombo yana umbo gani. Maduara yalikuwa mengi na siku ile nilikuwa na haraka, na mwanga haukuwa mzuri, na sikujua maana yake. Kweli sikumbuki.

Jogoo sikumchinja. Amefungwa kamba chini ya mpapai, anawika hata pasipo na sababu, na majirani wameanza kununa.

Tekla, niliyekuwa mtani wako

*

Kilwa Kivinje
5 Julai 2025

Bi Tekla,

Kurasa zimefika, hazikulowa. Ahsante kwa kuzifunga vizuri.

Nimezitandaza juu ya mkeka wangu mpya, nikazizunguka. Nimesoma tena barua yako ya Aprili ili nizitazame kama ulivyonifundisha. Naona mizani. Naona ulipoacha wazi ili maneno yapumue. Ule wa buluu, na ule ulioukunja kama bawa, na ule ulioacha "peke yake" katikati na pote kuyazunguka ni weupe, huo nimeutazama sana, unachoma.

Ya zamani hukuninyang'anya. Nikishika ukurasa wa banda naliona "mlango" lilipokuwa hata chini ya rangi yako, kwa sababu nayajua kwa moyo. Hayo ni yangu na hayafutiki kwa raba. Ninalolitafuta ni moja tu, na hilo sikupata kulijua.

Nikuambie kitu kuhusu mzee na mizani. Hakuwa nayo. Alipougua, ule mkono uliokufa alikuwa akiulaza katikati ya ukurasa ili kitabu kisijifunge, kwa hiyo palipobaki wazi ni kandoni tu. Maneno yake yote ya mwisho yalikuwa mwanzo wa mistari na mwisho wa mistari, ukingoni kabisa. Ndipo ulipokata wewe, ili ukurasa ukae sawa. Uliniandikia kwamba jicho lazima lipate pa kutua. Langu linazunguka tangu Jumatano.

Unasema hukumbuki, na umelisema kwa maneno mengi. Mwezi wa nne, ulipokuwa huna cha kuficha, uliniandikia kwamba ukurasa mmoja ulikandamizwa nusura karatasi itoboke, ukasugua mpaka mkono ukakuuma. Kwa mkono ule dhaifu, mzee hakuwahi kukandamiza hivyo. Mtu hasahau kilichomuuma.

Usinitungie maneno matamu. Ziada ameshajaribu, anasema bila shaka alikuwa ananishukuru. Sitaki bila shaka. Nimekomboa kwa jogoo aliye hai, nawe una deni la kunirudishia nilichokomboa. Ukurasa wa mwisho ulisemaje?

Mwanahija binti Abilahi

*

Rasbura, Lindi
12 Julai 2025

Bibi,

Barua hii naiandika tangu asubuhi, kila mara nafika hapa nasimama. Naandika sasa kabla moyo haujarudi nyuma.

Ulikuwa ukurasa wa magonjwa. Kulikuwa na mstari unaosema kuku mgonjwa hukaa peke yake na hula kidogo. Mpiga chapa aliukata vibaya, "hu" ikabaki juu na "kaa" ikaanza mstari wa chini. Kwa hiyo mstari wenyewe ulisomeka: kaa peke yake na hula kidogo.

Alizungushia "kaa" mwanzoni. Alizungushia "kidogo" mwishoni. Hilo la mwisho ndilo lililokandamizwa, duara juu ya duara. Hapakuwa na kingine.

Kaa kidogo.

Nilikumbuka palepale nilipofika kwenye habari ya wali katika barua yako ya Mei. Ndiyo sababu niliandika kitabu kipo. Aibu ya kuharibu kitabu ningeibeba, bibi. Nilichoogopa ni wewe kuniuliza kilisemaje, nami nijue kwamba ulikuwa jikoni. Nikaona bora unichukie kwa kukifuta. Nisamehe kwa kukuamulia, hilo nalo halikuwa langu.

Na kuna jingine, ujue lote. Ukurasa ule unaosema unachoma, wenye "peke yake", ndio huo. Niliufuta kwanza pande zote mbili, nikaukata kando, nikaacha maneno yale kwa sababu yalikaa katikati. Sikuwa na sababu nyingine. Kule Dar watu walisimama mbele yake kuliko zote, mama mmoja alilia, nami nikafurahi nikasema nimeweza.

Sasa umekipata chote. Sina la kuongeza.

Tekla

*

Kilwa Kivinje
28 Agosti 2025

Tekla,

Nimechelewa kukujibu. Barua yako nilikaa nayo, nikaiweka dirishani, nikaitoa, nikairudisha. Ziada aliniuliza ina nini nikamwambia ina habari za kuku.

Wali ule ulikuwa wa watu sita na ungeweza kungoja. Ndivyo ninavyojiambia nikiamka. Nilikwenda kuukoroga, nikaona sinia hazitoshi, nikatoka uani kuazima kwa jirani, tukaongea mambo ya bei ya nazi. Nazi, Tekla. Niliporudi nilikuwa bado nacheka jambo alilosema. Miaka yote ile alinifundisha kusoma, na siku aliyoandika maneno mawili tu nikamwambia baadaye. Nimelia nilivyokuwa sijalia matangani. Sikulaumu kwa hilo, hilo ni langu mwenyewe. Na ulichokifanya wewe ni chako, sikusaidii kukibeba. Lakini umeniambia bila kunitungia, na hilo nimelipokea.

Kurasa nyingine nimezifunga sandukuni. Ule wa "peke yake" nimeubandika ukutani karibu na kitanda, kwa uji wa ngano kama tulivyokuwa tukibandika picha zamani. Halafu nikachukua penseli yake. Kwa kuwa kando umezikata, nimeandika juu ya ukuta wenyewe. Kushoto kwa ukurasa nimeandika "kaa", kulia nimeandika "kidogo", nikazungushia. Upande wa kulia umekuwa mzito kuliko wa kushoto, ungeuona ungetamani kuurekebisha. Usiurekebishe. Nikilala ubavu jicho langu linatua hapo.

Matusi bado sina. Nimejaribu kukuanzia barua hii kwa tusi, hata dogo, la panya, kalamu ikagoma. Labda yatarudi, labda hayatarudi, sijui. Pazi anauliza kila siku kama kuna barua ya Lindi, nami namwambia kuna watu wana kazi.

Jogoo huyo mlete. Kukomboa nimeshakomboa, lakini huku kuna matetea na huko anakusumbulia majirani bure. Njoo naye Jumamosi. Usije na zawadi wala na maneno uliyoyaandaa, na usimwambie dereva akungoje. Nitapika mapema, sufuria nitaipua kabla hujafika.

Njoo, mwanangu, ukae kidogo.

Mwanahija